Zamu ya Usiku Darini

Stima ilikatika Mkomani yote,
basi chombo kikang'oa nanga.
Shekue nahodha, kwa kuwa dari ni ya kwao.
Bunu usukani: kifuniko cha sufuria ya biriani.
Mwanaate akatega sikio kwenye dishi lililokufa,
apokee habari za Zohali.

"Zohali yasemaje?"
"Yasema mkanyage taratibu, bibi amelala."

Mimi mdogo. Mimi injini.
Kazi yangu kunguruma, bila kupumzika,
maana nikimeza mate tu
sote twaanguka Matondoni.
Wallahi nyota zilianza kupita ubavuni.

Kisha taa zikarudi, mtaa ukashangilia,
nahodha akaitwa kuoga,
usukani ukateremka ngazi kurudi jikoni.

Hakuna aliyeniambia nizime.