Karatasi ya Karanga

Siku matokeo yalipobandikwa ukutani
sikulia. Nilinunua karanga,
stendi ya Kibaigwa, za mia mbili,
kwa Mama Nyemo anayefungia kwenye chochote:
gazeti, daftari, barua ya deni.

Hesabu: F. Mara ya pili.
Mara ya kwanza nilimlaumu mwalimu.
Safari hii mwalimu alikuwa mwingine.

Karanga zilipokwisha nikasoma kifungashio.
Mafuta yameng'arisha utenzi wa kale,
ubeti mmoja tu mzima:

     Farasi ameanguka,
     upanga umevunjika,
     chini naye kainuka,
     akakung'uta mavumbi.

Chini yake: Kisha aka...
na hapo karatasi imechanwa.

Aka-nini? Akakimbia? Akarudi vitani?
Nikamfuata. "Mama, ukurasa unaofuata?"
Akacheka, huku anapepeta maganda.
"Huo ulishapanda basi la Gairo, mwanangu,
umebeba karanga za mtu."

Upepo wa Kongwa haubembelezi.
Ulinimwagia mchanga machoni njia nzima,
nikapita magunia ya mahindi, nikapita mizani ya soko
ambayo mkulima huilalamikia, nayo haibadili neno.

Usiku, kwa tochi ya simu,
nikakokotoa upya swali la nne.
Sikutafuta jibu. Nilitafuta mahali nilipoangukia:
mstari wa tatu,
alama ya kutoa niliyoiruka,
ndogo, kama njiti ya kiberiti.

Muda mrefu niliitazama.
Nikakung'uta daftari.
Kisha nika...