Hana Sura

Siku ya tatu hapa Łódź, theluji imegeuka tope,
na bado hatujampata mume wa filamu.
Wanakuja wazuri, mabega kama makabati,
wanasema "nilikuwa kazini" huku macho chini,
jasho, kigugumizi, mkono kifuani.
Mke gani angekaa na hao miaka kumi na mmoja
asijue?

Bożena, anayesoma maneno ya mke,
sauti imembaki ganda.

Ndipo Zbyszek, fundi wa taa, simu kaibana begani:
"Tramu imekwama, mpenzi. Nibakizie supu."
Hakuacha hata kukunja waya.
Dirishani tramu zilikuwa zinapita, moja, nyingine.

Nikamtambua upesi mno.
"Huyu," nikasema, "mpeni karatasi."
Mtayarishaji akaguna: hana sura.
Sura ya nini? Uongo uliokomaa
hauvai suti, unaulizia supu.

Saa nne usiku nikafungua mlango wetu.
Wiesław alikuwa macho, redio chini chini.
Mbona leo umechelewa?
Nikavua skafu, nikaitundika palepale pa siku zote.
"Tramu," nikasema. "Kuna kilichobaki?"

Akainuka, akanipashia.