Barafu ya Agosti, Ruwi

Mkebe ni ule ule wa kupulizia vumbi la kinanda,
riyali moja na nusu, duka la Mhindi nyuma ya msikiti.
Upindue kichwa chini: hautoi tena upepo,
unatoa baridi ya kuunguza kidole.

Benki wamenilipa niwaibie.
Mkataba una mhuri; mlinzi mwenyewe kanionyesha msala uliko.
Saa sita na nusu, Ruwi inatokota,
paka wamejibana chini ya magari,
na mimi nimevaa glavu, natengeneza theluji
ndani ya kompyuta ya mtu.

Thuwaini wa kaunta ya tatu
kaizima, kafunga mtoto wa meza, kenda kuswali.
Hudhani, kama wote, kuzima ni kwisha.
Lakini kumbukumbu haifi umeme unapokatika.
Hunyauka, chembe baada ya chembe,
na ukiiwahi na barafu
inaganda na siri yake mdomoni.

Nikakichomoa: kijibanzi cha urefu wa kidole,
cheupe kwa sakitu.
Nikakichomeka kwangu. Nikasoma.

Ufunguo wa benki ulikuwemo, mzima.
Huo niliutaraji.
Sikutaraji barua.

*Zamzam dada yangu,* kwa Kiswahili,
Kiswahili cha jikoni, hapa Maskati, kwenye mashine ya kazi,
*zile pesa za dawa za mama nilizosema nimetuma*
*sikutuma. Nili*
hapo mistari imeliwa, herufi zimekuwa changarawe,
kisha: *usimwambie.*

Aliifuta. Aliamini kufuta ni kufuta.

Ripoti inataka kila nilichokiona.
Ukurasa wa kumi na moja una nafasi inaningoja:
Mengineyo.

Nje ni arobaini na saba.
Nikakianika kijibanzi dirishani kama dagaa.
Sakitu ikawa maji, maji yakawa hayapo.
Na nakala yangu nikaifuta mara saba,
kama chombo kilicholambwa na mbwa.

Mengineyo: hakuna.

Thuwaini akarudi, kofia imemkaa upande,
akauliza mashine yake ina maradhi gani.
"Inakumbuka mno," nikamwambia.
"Ukiizima usiondoke. Kaa nayo dakika tano."

"Nifanye nini?"

"Hufanyi kitu.
Unaingoja tu isahau."