Kabugho Alitangulia Kufika

Tiketi iliandikwa 23:40.
Nilihesabu kwa vidole, vidole vikaniishia:
saa ya ishirini na tatu inakaa wapi katika siku ya mtu?
Kabugho akacheka. "Ni saa tano usiku, dada, na dakika arobaini.
Saa za ndege huzaliwa usiku wa manane,
zetu huzaliwa na jua."

Nami, Masika, muuza vitenge wa Mpondwe,
nisiyekosea chenji ya faranga wala ya shilingi,
nikauliza: mpaka Brussels, saa ngapi?
"Saa nane."
Nikajua basi, atafika saa nane mchana,
jua la kuanikia muhogo.
Kumbe alitaja urefu, mimi nikasikia wakati.

Kilomita elfu sita na ushei, aliongeza,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei
ya kitu alichokwisha kukilipia.

Entebbe, mizani ikagoma kwenye ishirini na tatu,
nambari ileile, kama deni.
Kikatolewa kifurushi cha mama:
samaki mkavu wa Kayanzi,
kafungwa gazeti mara nne asinuke.
Akanuka.
Kijana wa mizani akatazama pembeni kwa adabu.
Samaki akarudi mkononi mwangu, mdogo wangu akaingia,
na mlango wa kioo ukajifunga
ukanionyesha mimi.

Nikapanda basi la usiku.
Kampala hadi Bwera, kilomita mia nne na ushei;
ukilinganisha, ni kuvuka ua kuomba chumvi.
Baada ya Mubende gurudumu likapasuka.
La akiba nalo lilikuwa limepasuka tangu juzi,
na kondakta akaapa kwa mama yake kwamba hakuambiwa.
Tukakaa kando ya lami, abiria arobaini na kuku watatu.
Juu, nyota moja ilikuwa ikitembea,
ikikonyeza nyekundu.
Nikaipungia mkono.
Huenda ilikuwa inakwenda Kigali.

Saa mbili asubuhi, Kyenjojo, simu ikatetemeka:
*Nimefika. Huku bado giza. Wewe je?*
Upande wangu chai ilikuwa imeshika jua shamba zima,
wachumaji wamezama humo hadi kiunoni.
Nikaandika: *Niko njiani.*
Nikafuta.
Nikaandika: *Nimefika.*

Bwera, saa saba.
Mama hakuuliza kilomita, hakuuliza saa.
Alikipokea kifurushi, akakipima kwa kiganja,
akajua hakijapungua.
"Kwa hiyo ameenda bila mboga."
Akaketi kwenye kigoda, sufuria ikichemka maji matupu,
akaanza kufungua gazeti,
tabaka la kwanza,
la pili,
polepole,
kama mtu asiyetaka kufika.