Pazia la Barabara ya Nane

Baba hakuwahi kuvuka Gulwe kwenda mashariki
wala Manyoni kwenda magharibi,
lakini studio yake ya Barabara ya Nane
ilikuwa na Istanbul ndani,
mita tatu kwa nne,
pazia la amerikani kwenye misumari saba.

Ndahani ndiye aliyelichora
akiangalia mfuniko wa kopo la biskuti:
daraja, makuba, minara myembamba kama penseli.
Na kwa kuwa kutu ilishakula upande mmoja wa mfuniko
akajazia kwa alichokijua,
kilima cha Mlimwa na mawe yake,
na njiwa wanene wenye madoadoa
ambao kila aliyeingia aliwaita kanga.

Mbele ya mji huo walisimama watu.
Mazoya, siku alipoajiriwa reli,
kofia imemzidi kichwa.
Mapacha wa Chilongani, mmoja analia.
Bi Nhonya, kila mwaka akishauza karanga,
gauni lile lile, mkono kiunoni,
utadhani daraja ni lake na tunapita kwa hisani.
Baba alisema, "Usipumue,"
nao hawakupumua.
Ukiyafungua maboksi, hadi leo hawajapumua.

Mwaka jana shangazi Mchiwa alifuata mzigo wa magauni Uturuki.
Nikambebea mabegi. Nikabeba na kamera.

Daraja lipo. Makuba yapo, makubwa kuliko nilivyodhani.
Nilipiga picha mia sita na ushei:
paka kalala juu ya kaburi la mkubwa fulani,
kinyozi anapiga miayo mlangoni kwake,
ngazi zilizoliwa na nyayo mpaka zikawa na mabonde,
mvulana na trei ya chai, mbio, hakumwaga hata tone.
Na mzee wa mahindi ya kuchoma.
Ndiyo, mahindi!
Kwa bei ya hindi lake moja
Kibaigwa ungeondoka na debe.
Nilipomwelekezea lenzi akainua kiganja.
Kiganja hicho nakijua.
Ni cha akina mama wa soko la Majengo
mgeni akishuka garini na jicho la kioo kifuani.
Nikashusha kamera. Nikanunua hindi.
Nikala nimesimama,
nikichungulia nyuma ya msikiti, huku na huku,
nikikitafuta kilima.

Nilirudi nikachapisha picha moja kubwa,
safi, hadi nyufa za mawe zinahesabika.
Nikalishusha pazia, nikaitundika.

Bi Nhonya akaja. Karanga zimeuzwa.
Akatazama, akasogea, akatazama tena.
"Huu mji wa nani?"
Ndio ule ule, Bibi. Wenyewe hasa.
"Hapana. Ule una kanga.
Nimesimama pale miaka thelathini na moja.
Huu haunijui."

Sikubishana. Nikalikunjua pazia, likanikohoza.
Misumari niliipata sita tu.
Kona ya saba nikaishikilia kwa mkono wa kushoto,
nikapiga kwa wa kulia, nimejipinda,
na katika mahangaiko hayo
nikasahau kumwambia asipumue.

Picha imetoka mbaya.
Kidole changu kinaonekana pembeni.
Bi Nhonya ana mdomo wazi, kama anayeanza neno,
na nyuma yake, kwa upepo wa mlangoni,
Mlimwa umetikisika kidogo.

Amelipia nakala nne.