Kielelezo cha Tatu

Walikibeba watu wawili hadi mahakama ya Lunenburg,
kifuniko cha friza ya marehemu Osborne Zwicker,
kikinuka samaki hata baada ya kusuguliwa.
Mimi karani nikakibandika namba.

Kwa wino mzito mweusi aliandika:
kambakoche wanane, Juni.
Nyama ya paa, nusu.
Na chini yake, herufi zilezile zisizo na haraka:
nyumba ni ya Verna. Delbert anajua kwa nini.

Hakuna mashahidi. Hakuna tarehe.
Zamani ningekirudisha kabla chai yangu haijapoa.
Siku hizi sheria imelegeza kamba:
jaji huuliza marehemu alikusudia nini,
ndipo atazame sahihi.

Wakili wa Delbert alisema friza si karatasi.
Verna, kwenye skrini kutoka Alberta,
sura imekwama, kinywa wazi,
hakujibu.

Jaji akavaa miwani, akainama, akasoma kwa sauti.
Akaanzia kwenye kambakoche.

Delbert akacheka kidogo, kisha akajifunika uso.
“Baba hakuandika pale,” alisema,
“ila alichokwisha kuweka.”

Wakili akaniuliza kama hilo nimelinakili.
Nilikwisha.