Kigoda Namba Arobaini na Saba

Mimi ndiye niliyekipokea, mlangoni, Arusha, Julai,
baridi ya Meru imeingia hadi kwenye wino.
Kilikuja kimefungwa kwa kanga kuukuu na kamba ya katani,
kimebebwa na Ndekirwa Moshiro, seremala wa Pasua, Moshi,
ambaye aliishika fomu ya Tuzo ya Taifa, akaigeuza juu chini
kama anayetafuta mguu mfupi.

"Aina?" nikamuuliza. Fomu ilitaka aina:
samani, vifungashio, mavazi, vifaa vya kazi.
"Kigoda," akasema. "Cha kuchambulia kahawa.
Andika uonavyo."
Nikaandika samani, nikafuta, nikaandika vifaa vya kazi.
Nikakipa namba.

Waliomtangulia walileta maelezo ya kurasa na kurasa.
Taa yenye shingo ya twiga. Chupa ya asali iliyovishwa lubega.
Kiti cha chuma kilichojikunja kama swali.
Yeye aliandika mstari mmoja:
Mama yangu mkubwa ameumwa kiuno miaka ishirini na miwili.

Ukumbini wakakipandisha juu ya sanduku jeupe,
wakakimulika, wakaweka kadi: TAFADHALI USIGUSE.
Kikaonekana kidogo, kama mgeni aliyeazima suti.
Mringaringa, miguu mitatu,
kikalio kimeinamia mbele kwa unene wa kidole,
na ubavuni pengo ambalo majaji watano
walilizunguka, wakalipiga picha,
mmoja akaliita mazungumzo na utupu.
Nikaandika. Kazi yangu ni kuandika.

Siku ya tatu Ndekirwa akaja na mama yake mkubwa,
Bi. Nsiande, sweta mbili, viatu vya mpira,
vidole vilivyochambua buni tangu enzi za king'ora cha kiwanda.
Kadi hakuisoma. Au aliisoma.
Akatia mkono ndani ya lile pengo, akakishusha
kama mtu anavyobeba ndoo
(ndipo tukajua pengo ni la nini),
akakiweka sakafuni, akakaa,
akavuta kitu hewani, ungo tusiouona,
vidole vikaanza kutafuta punje mbovu
juu ya vigae.

Hakuna aliyepiga makofi.
Jaji mkuu, Bwana Tluway, msanifu wa majengo,
alichuchumaa hadi magoti yakalia,
akautazama mgongo wa yule mama
ulivyosimama wima bila kuambiwa.
"Andika, katibu."
Niandike nini? Akanyamaza.
Nikaandika: mgongo.

Tuzo ni kipande cha shaba, cheti, bahasha,
na chapa ya moto ya kugonga chini ya kikalio,
mahali asipopaona anayekalia.
Magazeti yakaja. Picha ikaingia kwenye kalenda.
Ikaja oda ya vigoda mia mbili,
na kabla hajamaliza hata ishirini
vya kuigiza vilishajaa Kiborloni, vya plastiki,
pengo limechorwa kwa rangi nyeusi.

Februari nilipita karakana kwake, maranda hadi vifundoni.
Cheti sikukiona.
Ukutani, kwa misumari miwili, palikuwa na barua
ya mchambuaji mmoja wa Mbinga, wasiyejuana:

*Nimekiona kigoda chako gazetini,
nikamwomba fundi wa huku akinakili, unisamehe.
Ni kizuri. Ila wengine tu wafupi.
Miguu inaning'inia, damu inalala.
Punguza vidole viwili.*

"Umesoma?" Uso wake ulikuwa na nuru
ambayo usiku wa bahasha sikuiona.
"Miaka yote hii, katibu, nakosolewa na majirani tu.
Leo nimekosolewa kutoka Mbinga!"

Akachukua msumeno. Akanitazama
kuanzia goti kushuka chini, kwa jicho la futikamba.
"Wewe nawe si mrefu. Hebu kaa."

Nikasita. Kurasa tisa nilikuwa nimeandika juu yake,
kwa mkono wangu, na mhuri,
na sikuwahi kukikalia.